Kazi ya Mbali, na Shauri la Kuhama au Kukaa

Mwezi huu tutajifunza habari ya jambo ambalo sura yake ni mpya, lakini ndani yake limo swali la kale sana: Mtu akae wapi, na ni kitu gani kimwamuliacho? Bila shaka mmesikia habari za watu wafanyao kazi ya ofisi hali wamekaa nyumbani mwao, kwa njia ya kompyuta na mtandao wa intaneti. Twaiita kazi ya mbali, kwa kuwa mwenye kazi yuko mahali pamoja na mtenda kazi mahali pengine, nao huonana katika kioo tu.

Sababu ya kuandika somo hili ni ndugu mmoja aliyenijia na shauri zito. Umri wake ni miaka 34, mzaliwa wa Njombe, naye akaa Dar es Salaam pamoja na mkewe na watoto wawili. Kazi yake ni kuandika vitabu vya hesabu vya kampuni moja. Mke wake ni mwalimu wa shule ya serikali. Baba yake alifariki miaka mitatu iliyopita, na mama yake amebaki katika nyumba ya Njombe, naye ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Zamani ndugu huyu alikwenda ofisini kila siku. Sasa tajiri wake amemwambia ya kwamba akipenda aweza kufanya kazi yake popote, mradi hesabu zitimie kwa wakati.

Akaniambia, "Mchungaji, zamani nilikuwa na udhuru. Watu wakiniuliza, Mbona mama yako yu peke yake? nilijibu, Kazi imenishika. Sasa kazi imeniachilia, nami sina la kujibu. Je, nirudi au nikae?"

Sikumjibu siku ile, maana niliona ya kuwa swali lake si la mtu mmoja. Nimelitafakari, na haya ndiyo niliyoyapata. Yasomeni polepole, tena pamoja na watu wa nyumbani mwenu.

1. Zamani mtu aliifuata kazi

Wazee wa Njombe wakumbuka habari za manamba. Katika siku za utawala wa Waingereza wanaume wengi wa nyanda za juu waliandikwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandika na kusafirisha watu, nalo lilijulikana kwa jina la SILABU. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi zikitimia katika kadi, ndipo mtu alipopata mshahara wake.

Angalieni neno hili. Jani la mkonge hukatwa pale lilipomea, wala haliwezi kuletwa Njombe likakatwe huko. Basi ilimlazimu mtu kwenda. Hakuna aliyemwuliza, Wapenda kukaa wapi? Kodi ilidaiwa, nguo zilihitajiwa, na fedha ilikuwa Tanga. Waliobaki kulima na kuuguza wagonjwa walikuwa wanawake, watoto na wazee. Kwa hiyo kazi ndiyo iliyoamua, na nyumba ikatii.

Hali hiyo ilidumu hata baada ya mkonge kupungua. Vijana waliacha kwenda mashambani, wakaenda mijini. Lakini kanuni haikubadilika: kazi iko huko, nawe nenda huko. Kilichobadilika kwanza ni fedha. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania, na tangu hapo mtu aliye mjini aweza kumpelekea mama yake fedha kwa simu kwa muda mfupi. Basi fedha ilijifunza kusafiri pasipo mwenyewe. Ilibaki kazi.

2. Kazi nayo yajifunza kusafiri

Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jack Nilles, alianza kuchunguza katika mji wa Los Angeles kama kazi za ofisi zaweza kufanywa karibu na nyumbani kwa njia ya simu, ili watu wasisongamane barabarani kila siku. Wazo lilikuwa jema, walakini kwa miaka mingi halikuenea. Katika mwaka 2019 watu wa Marekani waliofanya kazi nyumbani hawakuzidi 6 katika kila wafanya kazi 100. Ndipo ulipokuja ugonjwa wa korona katika mwaka 2020, ofisi zikafungwa, na wenye kazi wakalazimishwa kujaribu jambo walilolikataa muda mrefu. Mwaka 2021 waliofanya kazi nyumbani walikuwa karibu 18 katika kila 100, yaani watu milioni 27.6. Ugonjwa ulipopungua, hesabu ilishuka, lakini haikurudi ilipokuwa: mwaka 2023 walikuwa karibu 14 katika kila 100.

Na kwetu je? Mwezi wa Julai mwaka 2009 waya wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulianza kazi katika pwani yetu, Mombasa na Dar es Salaam; mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa. Baada ya hapo ilianza kuwezekana kwa mtu wa Afrika ya Mashariki kuandika, kutafsiri, kuchora au kuhesabu kwa ajili ya mtu aliye ng'ambo. Serikali ya Kenya ilianzisha mwaka 2016 mpango uitwao Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kutafuta kazi za namna hiyo.

Lakini tusidanganyike. Kazi zilizo nyingi hazisafiri hata leo. Mkulima hulima kwa mkono wake. Mwuguzi humfunga mgonjwa kidonda akiwa kando yake. Fundi wa matofali, dereva, mwuza samaki, mwalimu wa darasa la kwanza, wote hao ni lazima wawepo. Kazi ya mbali ni fungu la wachache, na hasa waliosoma. Hata hivyo wachache hao ni watoto wetu, na uamuzi wao wawagusa wengi wasio na kompyuta.

3. Je, watu walihama?

Hapa twaja kwenye jambo la kushangaza. Mtu angedhani ya kuwa kazi ikimfungua mtu, mtu atahama. Yatazameni mambo ya Marekani, maana huko wamehesabu kwa miaka mingi. Katika mwaka 1948 watu 20 katika kila 100 walihama nyumba katika muda wa mwaka mmoja. Katika mwaka 2021, wakati kazi ya nyumbani ilipokuwa imeenea kuliko wakati wowote, waliohama hawakufika 9 katika kila 100. Kazi ilifunguliwa, na watu kwa jumla walikaa!

Wako waliohama, ni kweli. Wachunguzi wawili, Arjun Ramani na Nicholas Bloom, walionyesha mwaka 2021 ya kuwa watu wengi walitoka katikati ya miji mikubwa. Lakini zaidi walikwenda pembeni mwa mji ule ule, si nchi ya mbali. Wakaufananisha mji na andazi lenye tundu katikati. Sababu yake ni nyepesi: wengi walitakiwa kufika ofisini siku mbili au tatu kwa juma. Mbuzi aliyefungwa kwa kamba fupi, ukimfunga kwa kamba ndefu atakula majani ya mbali kidogo; lakini kamba ipo, na kigingi kipo. Tena neno hili si geni. Tangu mwaka 1885 E. G. Ravenstein, alipochunguza hesabu za watu za Uingereza, aliona ya kuwa wahamao walio wengi huenda mwendo mfupi.

Mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, ulitaka kuwavuta watu hawa wa kazi ya mbali. Tangu mwaka 2018 umekuwako mpango wa kumpa kila aliyekubaliwa dola 10,000 akihamia huko na kukaa mwaka mmoja. Lakini angalieni: wenye mpango hawakutoa fedha tu. Waliwaandalia wageni mahali pa kufanyia kazi pamoja, na mikutano ya kuwajulisha na wenyeji. Walijua ya kuwa mtu hakai mahali kwa sababu ya fedha peke yake. Hukaa kwa sababu yuko anayemjua jina.

Basi twajifunza nini? Kazi ilikuwa kigingi kimoja tu katika vigingi vingi. Tulikiona hicho kwa kuwa kilikuwa kikubwa. Kilipong'olewa, vingine vilionekana: mke au mume, watoto, wazazi, shamba, rafiki, kaburi. Na vigingi hivyo havina nguvu moja katika kila umri. Peter Rossi, katika kitabu alichoandika mwaka 1955 juu ya jamaa za mji wa Philadelphia, alionyesha ya kuwa watu huhama hasa kwa sababu nyumba yao imekuwa ndogo au kubwa kwa kadiri jamaa inavyoongezeka na kupungua. Yafaa basi tuutazame kila umri peke yake.

4. Umri wa ujana

Kijana asiyeoa ndiye aliye mwepesi kuhama, na ndiye adhaniwaye kufaidiwa zaidi na kazi ya mbali. Lakini sivyo daima. Mwezi wa Desemba mwaka 2010 kampuni ya Ctrip ya Shanghai, iuzayo tiketi za safari na vyumba vya hoteli, ilifanya jaribio la miezi tisa. Katika wafanya kazi waliojitolea na kustahili, wale waliozaliwa tarehe zigawanyikazo kwa mbili walipewa kufanya kazi nyumbani siku nne kwa juma, na wengine wakabaki ofisini. Wale wa nyumbani walizidisha kazi yao kwa 13 katika 100, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Habari njema, sivyo? Walakini jaribio lilipokwisha na watu kupewa kuchagua tena, zaidi ya nusu walibadili uchaguzi wao, na katika waliorudi ofisini wengi walilalamikia upweke. Tena, ukilinganisha watu wenye kazi njema sawasawa, wale wa nyumbani walipandishwa cheo kidogo kuliko wa ofisini.

Wahenga walisema, Asiyekuwapo na lake halipo. Kijana huhitaji kuwa karibu na wakubwa wa kazi, asikie wanavyosema na wateja, aonywe mara akikosea. Mengi katika kazi hayafundishwi kwa maneno, bali huokotwa kwa macho. Kwa hiyo kijana aliye mwanzo wa kazi yake asione haya kukaa mjini kwa muda, hata kama ruhusa ya kurudi ipo. Amejifunza nini yule aliyejifungia chumbani kwao tangu siku ya kwanza? Amejifunza kazi aliyopewa. Ile ambayo hakupewa hakuiona.

5. Umri wa kulea

Watu wakiisha kuoana na kupata watoto, mizani hubadilika. Sasa nyumba yataka chumba kingine, na asubuhi yataka mtu wa kumpeleka mtoto shule. Mzazi afanyaye kazi nyumbani huokoa saa nyingi zilizopotea barabarani. Wanaoijua foleni ya Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa. Hii ni faida ya kweli.

Lakini katika umri huu uamuzi si wa mtu mmoja tena. Mwaka 1978 Jacob Mincer, mtaalamu wa mambo ya uchumi, aliandika juu ya watu wa ndoa ya kuwa mmoja aweza kuhama kwa sababu amefungwa na mwenziwe, na mwingine aweza kukaa kwa sababu hiyo hiyo, ijapokuwa peke yake angeamua vingine. Neno hili ni la kweli hata leo. Tazameni ndugu yetu wa Njombe: kazi yake imo ndani ya mfuko wa kompyuta, lakini kazi ya mkewe imo ndani ya darasa. Mwalimu hapewi ruhusa ya kufundisha akiwa mbali. Ni lazima aombe uhamisho, naye angoje. Mume akisema, Mimi niko huru, twende, amesema nusu ya neno tu. Uhuru wa mmoja si uhuru wa nyumba.

Liko na jambo jingine la kuangalia. Mtu aliye nyumbani si lazima awe yupo. Mtoto humwona baba yake mezani, humwita, naye hujibu, "Ngoja, niko kazini." Mchana wote ni hivyo. Wenye kufanya kazi nyumbani na waweke saa ya kuanza na saa ya kwisha, na kifuniko cha kompyuta kikifungwa kiwe kimefungwa. La sivyo watakuwa wamehamisha ofisi ndani ya nyumba, wala si baba ndani ya jamaa yake.

6. Umri wa kati, wenye wazazi wazee

Huu ndio umri wenye shida kubwa kuliko yote, maana mtu avutwa mbele na nyuma: mbele watoto wataka shule, nyuma wazazi wataka mkono. Wala msidhani ya kuwa ni desturi ya Waafrika tu kukaa karibu na wazazi. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2015 ulionyesha ya kuwa mtu mzima wa kawaida huko huishi maili 18 tu, kama kilometa 29, kutoka kwa mama yake. Katika nchi ile tuliyoidhania kuwa ya watu wasiotulia, mama ni kigingi!

Kutoka Dar es Salaam hata Njombe ni kama kilometa 700, safari ya siku nzima katika basi. Fedha hufika kwa dakika, mtu hafiki. Wahenga walisema, Fimbo ya mbali haiui nyoka. Neno hili lapasa kufikiriwa upya. Katika mambo ya ofisi leo fimbo ya mbali yaua nyoka: hesabu zaandikwa Njombe na kusomwa Dar es Salaam. Lakini je, ni fimbo gani ya mbali itakayomshika mama asianguke mlangoni usiku? Ni simu gani itakayoona ya kuwa vidonge vyake vya shinikizo la damu vimebaki vile vile tangu juma lililopita? Kazi imejifunza kufanywa kwa mbali, kutunza hakujajifunza. Hiyo ndiyo shina la somo letu, nami naomba mlishike hata mkisahau mengine yote.

Kwa hiyo aliye na kazi ya mbali na mzazi aliye mgonjwa, ana deni jipya la kufikiri. Sisemi ana deni la kuhama. Nasema ana deni la kufikiri, maana udhuru wa zamani umekwisha. Akikaa mjini, na akae kwa sababu iliyo ya kweli, aitamke wazi.

7. Umri wa uzee

Mara nyingi watoto hukutana na kuamua juu ya mzee kama vile waamuavyo juu ya ng'ombe: Tumlete mjini, tumpeleke kwa dada, tumjengee chumba. Lakini mzee naye ni mtu wa kuhama au kukaa, naye ana vigingi vyake. Yuko apendaye kwenda mjini aone wajukuu. Yuko atakayefifia akitengwa na shamba lake, jirani zake na kaburi la mwenziwe. Baridi ya Njombe ambayo sisi twaikimbia, kwake ni hewa aliyoizoea. Joto la Dar es Salaam humchosha.

Wahenga walisema, Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu wengi wa kwetu huenda mjini na moyoni wamekwisha kuweka siku ya kurudi: wakiisha kustaafu. Kazi ya mbali yawapa wengine nafasi ya kurudi kabla ya nguvu kwisha, wakati bado waweza kupanda miti na kuiona ikizaa. Hii ni baraka. Lakini arudiye ajue ya kuwa kijiji alichokiacha akiwa na miaka 18 si hicho atakachokikuta. Hana budi kuanza kama mgeni: ahudhurie mazishi, ahudhurie mikutano ya kijiji, aonekane katika usharika, asijifungie na kioo chake. Jirani hawamjui mtu kwa mshahara wake.

8. Ruhusa si shamba

Kabla ya kumaliza, lipo onyo. Ruhusa ya kufanya kazi kwa mbali ni neno la kinywa cha mwingine. Shamba ulilorithi hakuna awezaye kukuita kesho akakuambia, Lirudishe. Lakini ruhusa yaweza kurudishwa. Mwezi wa Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani iliwaamuru watumishi wake warudi maofisini, na makampuni makubwa kadhaa yalikuwa yamefanya vivyo hivyo. Waliokuwa wamenunua nyumba mbali walijikuta katika mashaka makubwa: ama wauze, ama waache kazi, ama wasafiri kila siku.

Tena njia yenyewe yaweza kukatika. Tarehe 12 Mei mwaka 2024 nyaya mbili nilizozitaja, SEACOM na EASSy, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikadhoofika sana katika Tanzania na nchi jirani. Mtu wa kazi ya mbali siku hiyo alikuwa kama mkulima aliyenyang'anywa jembe.

Basi atakaye kuhama afanye mambo haya manne. Kwanza, aombe ruhusa iandikwe, wala asitegemee maneno ya mkutanoni. Pili, aulize: Nikiipoteza kazi hii, je, mahali ninapokwenda nitapata nyingine, au nitakula nini? Tatu, aende kwanza kwa mwezi mmoja na kompyuta yake, aupime umeme na mtandao kwa siku za mvua, si kwa siku za jua tu. Nne, asiuze wala asivunje alichonacho kabla mwaka mmoja haujapita.

9. Neno la mwisho

Baada ya kuyatafakari hayo nilimwita yule ndugu pamoja na mkewe. Nikawauliza swali moja: "Mama mwenyewe asemaje?" Wakatazamana. Walikuwa wamesumbuka miezi minne, wamehesabu kodi ya nyumba, ada za shule na nauli, lakini hakuna aliyemwuliza mama.

Wakampigia simu pale pale. Mama akasema, nami nilisikia: Hataki wajukuu waondolewe shuleni katikati ya mwaka kwa ajili yake. Hataki kuhamia Dar es Salaam. Alikaa huko mwezi mmoja, usingizi ukamkimbia. Alitaka mambo mawili tu: mtu wa kulala naye nyumbani, na mwanawe awepo siku ya kliniki, kwa kuwa daktari huzungumza upesi naye hayashiki yote.

Basi wakaamua hivi. Mpwa wake mmoja, binti aliyemaliza shule, amekwenda kukaa na mama, naye alipwa kila mwezi kama mtu yeyote wa kazi. Ndugu yetu huenda Njombe juma moja katika kila mwezi, juma lenye siku ya kliniki, na kompyuta yake huenda naye. Asubuhi huandika hesabu, jioni hukaa jikoni na mama. Mkewe ameandika barua ya kuomba uhamisho, wala hawajui itajibiwa lini. Uhamisho ukitoka, watashauriana tena wote watatu.

Labda mtu atasema, Hilo si jibu. Hakurudi wala hakukaa. Nami najibu: Kwa umri alionao, na kwa watu alio nao, hilo ndilo jibu la mwaka huu. Mwaka mwingine waweza kuwa na jibu jingine. Alipokuwa kijana jibu lilikuwa kukaa mjini ajifunze. Atakapokuwa mzee pengine litakuwa kurudi. Kazi ilipotuamulia, tuliamuliwa mara moja na kunyamaza. Sasa hatuna budi kuuliza tena kila umri ufikapo, na kuuliza pamoja, tukimwanza yule ambaye sauti yake ni ndogo kuliko zote.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Kwa nini manamba hawakuwa na nafasi ya kuchagua mahali pa kukaa? Ni nani katika jamaa yenu aliyekwenda kazi za mbali, na ni nani aliyebaki kutunza nyumba?

2. Kazi ya mbali ilipoenea Marekani, watu waliohama kwa jumla hawakuongezeka. Sababu zake ni nini?

3. Tajeni vigingi vinavyowashika mahali mlipo. Kipi ni kikubwa kuliko vyote katika umri wenu wa sasa? Miaka 10 iliyopita kilikuwa kipi?

4. "Kazi imejifunza kufanywa kwa mbali; kutunza hakujajifunza." Je, neno hili ni kweli katika nyumba zenu? Toeni mfano.

5. Mume amepata ruhusa ya kufanya kazi popote, na mke ni mwuguzi wa hospitali. Wafanyeje ili uamuzi uwe wa nyumba nzima?

6. Je, mmewahi kumwuliza mzee wenu mwenyewe apenda kukaa wapi? Kama hamjamwuliza, mtamwuliza lini?